Mshono wa Katikati

Ukitaka kumvalisha mwanamke wa kawaida wa Unguja wa mwaka 1870, anza na kitambaa cha aina iliyofumwa Massachusetts. Watayarishaji wengi wa maonyesho yetu ya kumbukumbu hawaanzii huko. Wanaanzia duka la kanga. Wataingia Darajani au Kariakoo, watachagua doti zilizokolea rangi, watawafunga kina dada kifuani na kuwatanda vichwani, halafu jukwaani itatangazwa kwamba hao ndio wanawake wa zama za biashara ya utumwa. Vigelegele vitapigwa. Hakuna atakayeuliza kwa nini mjakazi wa mwaka 1870 amejitanda nguo ambayo wakati ule ilikuwa haijawa vazi la mtu kama yeye, tena yenye msemo uliochapwa kwa herufi za Kirumi, tena ya poliesta.

Kikundi kimoja cha kina mama wa Ng'ambo kilinitaka nikisaidie kukusanya nguo za maonyesho ya tarehe 23 Agosti, siku ambayo UNESCO imeitenga kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Walikuwa na sehemu tatu za kuigiza: kabla ya soko la watumwa la Mkunazini kufungwa, baada ya sheria ya 1897 ya kuondoa utumwa, na miaka ya mwimbaji Siti binti Saad. Walikuwa pia na cherehani mbili, fedha kidogo, na masanduku yaliyojaa kanga za nyumbani, ambazo wao waliona zinatosha kwa sehemu zote tatu. Niliwaomba wasinunue wala wasikate kitu mpaka niifuate njia ya nguo yenyewe, kuanzia bandarini iliposhukia hadi ng'ambo ya daraja ilikoishia.

Bandari ya zamani ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu nguo ya mtu mnyonge wa Unguja haikufumwa Unguja. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akafika balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa bandari huko Massachusetts. Merikebu za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Zilileta majora ya pamba isiyopaushwa, nguo nzito yenye rangi ya maziwa yaliyokaa, ambayo watu wa pwani hadi Maziwa Makuu waliiita merikani, na wauza vitambaa wengine bado wanaiita hivyo. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikaja kufungwa kiunoni na watumwa wa mashamba ya karafuu. Sijui kama kuna mtu katika mnyororo huo aliyewahi kuuona mwanzo na mwisho wake kwa pamoja.

Merikani ilikuwa fedha pia. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliorodhesha nguo za biashara pamoja na vipimo vyake: mkono, shuka ya mikono minne, doti ya shuka mbili, na jora. Vipimo hivyo vina faida kubwa kwa anayeshona leo, maana vinakuambia mtu alipata nguo kiasi gani. Shuka moja ni kama mita moja na robo tatu, au zaidi kidogo. Mwanamke aliyepewa shuka alikuwa na kitambaa cha kujifunga mara moja chini ya makwapa, kikamfikia magotini au chini yake kidogo, basi. Hakikubaki kipande cha kilemba wala cha kujitanda. Mshonaji akikuletea mjakazi wa 1870 mwenye mita nne za kitambaa zinazopepea, ujue amemshonea bibi harusi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata pamba hiyo. Nguo za Uingereza na za viwanda vya Bombay zikaingia sokoni, na Bombay ikajifunza kutengeneza merikani yake. Kwa hiyo shuka ya 1870 inawezekana ilitoka India huku ikiendelea kuitwa kwa jina la Marekani. Jukwaani tofauti hiyo haionekani. Kinachoonekana ni ugumu wa kitambaa. Kitambaa kipya kina wanga, kinasimama chenyewe, na mtu aliyekivaa anaonekana kama amejifunga kadibodi. Kiloweke, kifue, kianike juani, urudie mpaka kilegee. Kina mama walicheka nilipowaambia wafue nguo mpya ili zichakae, lakini walifua.

Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, nguo ya buluu nzito iliyokaribia weusi. Nyingine ililetwa kutoka India ikiwa imekwishatiwa nili, na nyingine ilikuwa merikani ileile iliyotiwa rangi huku. Ndiyo ilikuwa nguo ya kazi ya wanawake wengi, watumwa na maskini huru, kwa sababu inaficha uchafu na inavumilia. Kaniki bado inauzwa, lakini jiandae kutazamwa. Siku hizi wanaonunua kaniki, bafta nyeupe na bendera nyekundu kwa pamoja huwa na shughuli za uganga na pepo, na mwenye duka niliyemwendea aliniuliza kwa upole kama mgonjwa anaendeleaje. Kaniki ya leo pia ni nyeusi tititi, haina ule ubuluu wa nili. Bi mkubwa mmoja wa kikundi, aliyejifunza kushona kwa mama yake, alikishika kitambaa akakisugua kwa kidole cha gumba.

"Hii haichuji," akasema. "Kaniki ya bibi zetu ilikuwa inakuachia rangi mabegani, mwanangu. Ukivua nguo, nguo bado unayo."

Tulikubaliana kuifua kwa chumvi na kuianika mpaka weusi upungue. Haikuwa nili, lakini ikashuka kidogo kutoka kwenye ule weusi wa msiba.

Kutoka bandarini hadi Mkunazini ni mwendo mfupi wa vichochoro. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Seyyid Barghash, sultani wa wakati ule, alipotia saini mkataba kwa kubanwa na Waingereza, na kabla mwaka huo haujaisha msingi wa kanisa la Kianglikana ulikuwa umeshawekwa juu ya kiwanja hichohicho. Nje ya kanisa kuna kumbukumbu iliyochongwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, nguo zao zikiwa kitambaa tu kilichofungwa mwilini. Kila kikundi kinachotaka kuigiza utumwa huja hapa kutazama, na wengi huondoka na jibu moja: wavike vitambaa vilivyoraruka. Mimi niliona jibu jingine katika kiwanja hichohicho, kwa mtu aliyelijenga kanisa.

Edward Steere alikuwa askofu, lakini kabla ya kuwa askofu alikuwa mkusanyaji wa maneno. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, na ndani yake mna msamiati wa mavazi ambao haupatikani kwa urahisi mahali pengine. Mojawapo ni ukaya. Anaueleza kuwa ni kitambaa kirefu cha buluu, mara nyingi kimepambwa kwa vipande vinavyometameta, ambacho wanawake watumwa na wanawake maskini huru walijifunika kichwani, ncha zake mbili zikining'inia mpaka karibu na ardhi.

Ukaya huo unatatiza habari iliyozoeleka. Wanahistoria wa mavazi ya Unguja, akiwamo Laura Fair aliyeandika kwa kina kuhusu jambo hili, wameeleza jinsi nguo zilivyotenga watu: mtumwa hakutakiwa kuvaa viatu wala kujifunika kichwa, kwa sababu kujifunika ilikuwa alama ya uungwana. Na hapo hapo Steere anatuambia kwamba mjakazi alikuwa na cha kujifunikia. Nadhani vyote viwili ni kweli. Mjakazi wa nyumba ya tajiri aliyetumwa dukani alitembea na heshima ya bwana wake, na ukaya wenye puleki ulikuwa sehemu ya heshima hiyo. Mwanamke aliyeshushwa jana kutoka katika jahazi hakuwa na kitu kama hicho. Katika neno moja, mtumwa, wamekusanywa watu waliokuwa mbalimbali sana, na maonyesho yanayowavika wote gunia lililochanika hayajawatazama.

Kwa kikundi chetu hilo lilikuwa jambo la vitendo. Sehemu ya kwanza ilikuwa na wanawake sita. Nikapendekeza wanne wafunge kaniki au merikani bila kujitanda, na wawili wawe na ukaya. Palepale yakaanza mazungumzo ambayo nitayarudia.

Tajiri wa wakati ule ni rahisi zaidi kumvalisha, kwa sababu alipiga picha. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, binti wa Seyyid Said, alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden na Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Huko, ndani ya studio, akapigwa picha akiwa amevaa mavazi ya nyumbani kwao: vazi lililodariziwa, suruali inayoonekana chini yake, kitambaa cha kichwani, vito. Picha hiyo imenakiliwa kila mahali na watu huitumia kama ushahidi wa nguo za Unguja. Ni ushahidi mzuri, ila ukumbuke aliyekaa mbele ya kamera hakuwa tena anavaa hivyo kila siku. Alikuwa mwanamke wa Hamburg mwenye jina la Emily, aliyejivika upya ili aonekane alivyokuwa. Kwa maana hiyo yeye ametutangulia wote katika kazi hii. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 alieleza pia mavazi ya wanawake wa jumba la mfalme, pamoja na barakoa waliyovaa usoni. Kikundi kilitaka sana kumweka Salme katika maonyesho. Nilikataa, si kwa kumchukia, bali kwa kuwa akiingia mwenye hariri na dhahabu, macho ya watazamaji wote yatamfuata yeye, na wale sita wa kaniki watabaki kuwa pazia la nyuma.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kanga, na hapa nitakaa.

Kanga ilizaliwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na simulizi inayokubalika zaidi pwani ni hii. Madukani kulikuwa na leso, vitambaa vya mraba vilivyochapwa vikiwa vimefuatana katika jora, na muuzaji alikukatia idadi uliyotaka. Wanawake wakaanza kununua leso sita bila kuzitenganisha moja moja: wakakata tatu zilizoshikana, na tatu nyingine zilizoshikana, wakaziweka sambamba na kuzishona ubavuni. Ikapatikana nguo moja pana, leso tatu kwa mbili. Baadaye wafanyabiashara wakaona hakuna haja ya kumwachia mteja kazi ya kushona, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa ikiwa na pindo kuizunguka na mji katikati. Mombasa na Lamu bado wanaiita leso.

Niliwataka kina mama waifanye kwa mikono yao badala ya kunisikiliza mimi. Tulinunua vitambaa vya kichwa vya pamba vyenye madoa meupe juu ya wekundu, kila kimoja kama nusu mita kwa nusu mita. Bi mkubwa aliviweka juu ya mkeka, vitatu juu, vitatu chini, akavigeuza mpaka madoa ya pembezoni yakakutana. Akachagua uzi mwekundu. Alianza katikati, si pembeni, kwa sababu, alisema, ukianza pembeni kosa dogo linakua njiani na ukifika mwisho kitambaa kimoja kimezidi. Mishono yake ilikuwa midogo, ya kwenda na kurudi. Alipomaliza tukaishika wawili, huku na huku: urefu mita moja na nusu, upana mita moja pungufu kidogo kwa ajili ya mshono. Pembeni yake tukatandika kanga ya dukani ya siku hizi. Urefu ulikuwa uleule. Wanawake wale wa zamani hawakuwa wamefuata kipimo cha kiwanda chochote. Viwanda vya Ulaya na baadaye vya India ndivyo vilivyofuata kipimo chao.

Lakini mshono ule unapita katikati ya nguo, kutoka pindo hadi pindo, na unaonekana. Msichana mmoja wa kikundi akasema watu watadhani imechanika ikashonwa. Niliwaomba waiache hivyohivyo. Katika sehemu nzima ya pili, mshono ule ndio ulikuwa kitu pekee ambacho mtu wa mwaka 2000 na ushei hawezi kukinunua dukani.

Sehemu ya pili ilikuwa ya baada ya tarehe 6 Aprili 1897, siku ambayo amri ya Sultani Hamoud iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Haikuwa siku ambayo watu wote waliamka huru. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba cheti, masuria hawakuhesabiwa na amri hiyo mpaka 1909, na wengi waliendelea kuishi palepale walipokuwa. Kilichobadilika haraka zaidi ni sanduku la nguo. Waliokuwa wakifunga kaniki waliiacha, au waliipamba, na kila aliyepata vijisenti alinunua doti ya kanga: moja kujifunga, moja kujitanda. Kujitanda ndiko kulikokuwa na uzito. Kichwa kilichofunikwa kilisema jambo ambalo cheti cha mahakama hakikuweza kulisema barabarani.

Kwa kipindi hiki tuna picha nyingi. Studio za A. C. Gomes na J. B. Coutinho, wapiga picha wenye asili ya Goa, ziliuza kadi za posta za wanawake wa Unguja, na ukizitazama kwa kioo cha kukuzia utapata mafunzo ya bure. Michoro ni mikubwa, madoa, duara, mistari minene ya pindo. Hakuna msemo. Masikioni mna majasi, na katika picha nyingine matundu ya masikio yamejazwa duara za karatasi za rangi zilizosokotwa. Puani kuna kipini. Miguu mara nyingi ni mitupu. Tahadhari moja tu: wapiga picha hawa walikuwa wanauza sura, na yaelekea baadhi ya vitu vilivyomo vilikuwa vya studio. Mimi huamini jinsi nguo ilivyofungwa zaidi kuliko ninavyoamini kiti, ua na mtungi.

Misemo ilianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na herufi za Kirumi zikaja kutawala baadaye sana. Kwa hiyo karibu kila kanga iliyokuwa katika masanduku ya kina mama ilikuwa na kosa lililoandikwa juu yake. Duka la Kaderdina Hajee Essak huko Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilifanya alama yake ya Mali ya Abdulla kuwa jina la nyumbani pwani nzima, na mama mmoja alileta kanga ya bibi yake yenye alama hiyo akiwa na uhakika kabisa kwamba ni ya zamani. Ilikuwa ya zamani kweli, lakini si ya zamani ya 1898. Nikamwomba airudishe sandukuni na asiifulie sabuni ya unga.

Unaweza kukunja msemo ndani, lakini nguo inapanda na magoti yanatoka. Njia nyepesi ni kisutu, kanga ya tangu zamani yenye wekundu, weusi na weupe, ambayo kwa kawaida haina msemo. Inauzwa mpaka leo na ni ya pamba. Ila kisutu ni ya bibi harusi. Tulipoijaribu kwa wanawake watano pamoja, jirani aliyechungulia dirishani akauliza ndoa ni ya nani kati yao. Basi tukabaki na leso za kushona kwa wawili, kisutu kwa mmoja ambaye katika mchezo ndiye anayeolewa, na kwa waliobaki tukatafuta vitambaa vya pamba vya madoa tukavitengenezea pindo kwa kitambaa cheusi. Si sahihi mia kwa mia. Mtazamaji aliye umbali wa mita kumi atakuwa ameona kitu kilichokaribia ukweli kuliko doti yenye maneno ya mapenzi.

Sehemu ya tatu nitaipita kwa haraka, maana hapa wazee wenyewe bado wanakumbuka. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa utotoni, akaingia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Mwanamke wa mjini wa siku hizo alivaa kanga ndani ya nyumba, na akitoka alivaa buibui. Kizazi kimoja nyuma, mavazi ya kujifunika mwili mzima yalikuwa ya mabibi wa majumba. Kufikia miaka ya 1920 binti wa aliyekuwa mtumwa aliyavaa pia, na mtu wa njiani asingeweza kujua nani binti wa nani.

Tatizo ni kwamba buibui la wakati ule si hili la koti linalotoka Dubai lenye vifungo na nakshi za mikono. Lilikuwa buibui la kamba: kitambaa cheusi kipana kilichoshonwa kuwa kama mfuko usio na mwisho, chenye ugwe juu wa kufunga kichwani, na mvaaji akikusanya upana uliobaki chini ya kwapa au akiushika kwa mkono. Linataka mkono mmoja kila wakati. Wasichana waliojaribu kulivaa walitembea hatua tatu wakalikanyaga. Bi mkubwa akawaonyesha: kiwiko kimebana ubavuni, vidole vimeshika ukingo, hatua fupi. Mwendo wote wa mwili ukabadilika. Hapo nguo ilikuwa imefanya kazi ambayo mwalimu wa maigizo asingeiweza kwa wiki nzima.

Kuna aliyependekeza tuongeze sehemu ya nne, ya Bi Titi Mohamed na kina mama wa chama cha TANU wa mwaka 1955. Wazo zuri, lakini hiyo ni njia nyingine, ya Dar es Salaam, ya vikundi vya ngoma vilivyokuwa na sare zao kabla chama hakijawafikia. Bi Titi mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Wakitaka kumkumbuka, wamtengenezee siku yake.

Nirudi kwenye mazungumzo ya kaniki. Siku ya kugawa nguo, leso za kushona ziligombewa. Buibui zilichukuliwa. Kisutu kilipata mwenyewe kabla sijamaliza kukitaja. Kaniki sita zikabaki juu ya mkeka. Mmoja akasema mwili wake haupendi rangi nyeusi. Mwingine akasema mume wake atakuwapo. Mwingine akasema kweli: "Watu watasema, kumbe kwao ndiko huko." Unguja bado ni mji ambapo swali la babu wa nani alitoka wapi haliulizwi kwa sauti, na mtu akionekana katika vazi la mtumwa, hata la kuigiza, wapo watakaoanza kuhesabu vizazi vyake.

Kulikuwa na suala la mabega pia. Shuka moja iliyofungwa chini ya makwapa inaacha mabega wazi, na watazamaji wangekuwa mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Lelemama ya zamani, ngoma ya wanawake, ilikuwa na mipaka yake ya nani atazame, lakini maonyesho haya yalikuwa ya uwanjani. Wapo waliotaka fulana nyeupe ndani, jambo ambalo lingemfanya kila mmoja aonekane kama anakwenda mazoezini. Mwishowe ukaya wa Steere ukatuokoa: ukiuteremsha kutoka kichwani, ncha zake ndefu zinafunika mabega yote mawili. Kina mama wakataka wote sita wapewe ukaya.

Nilibisha. Ukaya kwa wote ungefuta tofauti ileile tuliyoifuata kutoka Mkunazini, kati ya mjakazi wa nyumba kubwa na aliyeletwa jana. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Tukafikia hapa: wanne wenye ukaya wa kaniki, wawili wa merikani tupu, kichwa wazi, mabega yamefunikwa kwa kipande cha pili cha merikani kilichofungwa fundo begani, jambo ambalo nguo yenyewe ingeliruhusu kama mtu angepewa doti badala ya shuka. Bi mkubwa akasema yeye atakuwa mmoja wa hao wawili, kwa sharti asisimamishwe jua la mbele kwa sababu ya macho yake. Wa pili alikuwa yule msichana aliyeogopa mshono wa katikati.

Orodha ya mwisho ya manunuzi ikawa hivi: merikani jora moja lisilokamilika, kaniki mita kumi na mbili, puleki pakiti mbili kwa ajili ya ukaya wa wanne, ugwe wa buibui, nyuzi nyekundu na nyeusi, na karatasi za rangi za kusokota kwa ajili ya masikio, ambazo zitabandikwa kwa gundi kwenye hereni za kawaida kwa kuwa hakuna aliyekubali kutanua tundu. Viatu vya plastiki vikusanywe kwenye kapu nyuma ya jukwaa kabla ya ngoma ya kwanza. Miwani na simu nazo humo humo.

Nilichowaomba zaidi ni kwamba mshereheshaji ataje mwaka kabla ya kila kundi kuingia: 1870, 1898, 1928. Mshereheshaji, kijana wa mtaani mwenye sauti nzuri na pupa ya utani, alisema hilo halina shida, ila miaka hiyo aandikiwe kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa, maana mwaka jana alisoma 1897 kuwa 1987, na mzee mmoja wa safu ya mbele alisimama kumuuliza kama naye aende kuomba cheti.